Matanga ya Ostap Nyumbani kwa Ami Harub

Al-Hail, Sib,
Maskati.
9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Zakiya,

Assalaam alaikum. Barua hii ikukute na uzima, wewe, shemegi Jaifar na watoto wote. Goti vipi? Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au yale mafuta yamelifaa? Nipe khabari yake ya kweli, usinifiche kama kawaida yako.

Sisi huku viwiliwili vizima, alhamdulillahi. Baridi inaondoka na jua la mchana limeanza kuchoma. Lakini roho hazijatulia, na yangu khasa. Naanza kukunja nguo naziacha, nakwenda jikoni nasahau nilichofuata. Hata kuandika hapa nnainuka kila mara kwenda kuchungulia dirishani, na nje hakuna kitu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Wiki iliyopita nilikupigia, tukazungumza tende za Ramadhani na arusi ya jirani yako, na kila nikitaka kusema ulimi unakuwa mzito. Jirani yangu Khulood anasafiri kesho kuja huko Unguja, atakupa barua mkononi.

Dada, Ostap kafariki. Yule mjukuu wa Ami Harub, mjomba wako, mtoto wa Lesia wa Ukraine. Kauliwa vitani mwezi uliopita, na miaka yake ishirini na nne.

Wewe hukuwahi kumuona, acha nikuelezee. Unakumbuka mama yako, shangazi Khole, Mungu amrehemu, alivyokuwa akitusimulia kaka yake alipopelekwa Odesa kusomea uhandisi wa meli. Huko Ami Harub alimuoa Halyna, wakamzaa Lesia. Masomo yakaisha, yeye akarudi Unguja, kisha akawafuata ndugu zake Maskati. Halyna hakupewa ruhusa ya kutoka kwao. Barua zikawa za tabu, mwisho zikakatika. Ami akamuoa Bi Kheiria hapa, akampata Muatasim. Halikuwa jambo la siri, ila hapana mtu aliyelitaja.

Hata miaka hii ya karibuni Lesia akatutafuta kwenye mtandao. Kule kwao kila mtu hubeba jina la baba yake, na yeye kwenye vitambulisho vyake vyote ni Lesia Harubivna. Jina la Harub si la kule, kwa hivo lilimfikisha. Tangu siku hizo mimi ndiye mtu wa kati, kwa kuwa nnajua Kiingereza kidogo.

Ostap alikuja majira ya baridi kabla ya vita kuanza. Mrefu, mweupe, na kichwani nywele za Ami zile zile za kujiviringa, ila rangi ya asali. Hakuweza kukaa kitako. Akifungua macho tu, anauliza kipi kimeharibika. Katengeneza pampu ya maji, katengeneza mlango wa kabati ambao Muatasim kautazama mwaka mzima. Vitumbua vya Bi Kheiria alivila na mtindi, tukacheka mpaka machozi. Siku moja tulikwenda Qantab, sisi tumejifunika masweta, yeye kavua shati kajitosa baharini. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakaacha kazi wakimtazama, mmoja akaniuliza kama mgeni wetu yule ana akili zake.

Mwezi wa pili, redio zote zinasema vita vinakuja, Ami akamwambia, "Kaa hapa. Ntakutafutia kazi."

Akamjibu, "Babu, mama yuko peke yake." Akafunga begi akenda zake. Siku chache baadae mabomu yakaanza kuanguka.

Akaingia jeshini. Kila Ijumaa alikuwa akimletea babu yake sauti kwenye simu, kwa Kiswahili alichookota jikoni kwetu: "Salama Babu? Mimi mzima. Vitumbua tafadhali." Ami huisikiliza mpaka Ijumaa nyengine.

Khabari ilinikuta soko la samaki hapa Sib. Nimeshanunua jodari, nimekaa garini, Lesia akapiga. Alisema jina la mwanawe, akanyamaza. Nikafahamu. Tulikaa hivo, yeye kule na mimi huku, hapana aliyeweza kukata simu. Barafu ya samaki iliyayuka ikamwagika kitini, nikaitazama tu.

Nilimwambia Muatasim kwanza. Alikuja mbio kutoka Wattaya, kwenye duka lao la magari, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba asijue. Moyo wake hauwezi." Nami nikakubali. Ijumaa ikafika, hakuna sauti. Ami akauliza. Muatasim akasema mtandao wa kule umekatika. Ami akataka taarifa ya khabari, Muatasim akachomoa waya nyuma ya televisheni akasema dishi limeharibika.

Sasa unamjua mjomba wako. Mtu aliyefanya kazi ya mitambo maisha yake yote unamwambia dishi limeharibika! Asubuhi ya pili nampelekea supu, nasikia chuma kinagongwa juu ya paa. Natoka uani, namuona Ami, karibu miaka thamanini, yuko juu ya ngazi na spana mkononi, kanzu kaifunga kiunoni, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga.

Nikamwita, "Ami, shuka."

"Hili dishi halina kitu," akasema. "Nani kakwambieni bovu?"

"Shuka, Ami. Nna neno."

Sijui alisikia nini katika sauti yangu. Alishuka taratibu, mimi nimeishika ngazi kwa mikono miwili. Alipofika chini nikamwambia pale pale. Nilihofu ataanguka. Hakuanguka. Aliniuliza lini, nikamwambia.

"Kwa hivo Ijumaa ile Muatasim ananitajia mtandao, mtoto keshakufa?"

"Ndiyo, Ami."

Akakaa kwenye daraja ya chini ya ngazi. Nikangoja anigombeze, na haki yake. Akauliza, "Lesia yuko na nani?"

Katika siku zote zile za kumficha yeye khabari, hapana mmoja wetu aliyeuliza hilo.

Alimpigia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza hakunitaka mimi nizungumze kati yao, alijikokota na Kirusi chake cha Odesa. Alikuja kutoka chumbani, akatwambia maiti haijafika Odesa, watazika wiki inayokuja, na yeye anaweka matanga hapa nyumbani.

Muatasim akaruka. "Baba, watu watauliza ni nani. Na hakuwa Mwislamu. Tutasomaje khitma?"

"Simlazimishi mtu kusoma. Mimi nakaa nyumbani kwangu na msiba wangu. Anaetaka kunipa pole, aje."

"Na wakiuliza?"

"Waambie mjukuu wangu kafa vitani. Kwani uongo?"

Wakatupiana maneno mpaka Bi Kheiria akatoka na birika la kahawa, akaliweka katikati, akamwambia mwanawe akapange viti. Mama huyu, dada, hajawahi kulitaja jina la Halyna nikamsikia. Akasema, "Mtoto huyu kala mkononi mwangu. Panga viti."

Watu walikuja. Si wote, wengine walisalimia mlangoni wakasema wana haraka. Lakini wazee wa kikwetu walijaa, na majirani, na wavuvi wawili wa Qantab ambao sijui nani kawapasha khabari. Muatasim alisimama mlangoni kuwapokea, mwanzo kainamisha kichwa. Mzee mmoja akamuuliza marehemu ni nani wake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

Akasema, "Mtoto wa dada yangu." Mzee akamkumbatia.

Siku ya maziko Lesia aliomba baba yake aseme maneno machache kwenye simu, kaburini. Ami alivaa kanzu na kilemba kama anaekwenda sala ya Idi. Tokea asubuhi alikuwa akizunguka majlisi anajizoeza Kiukraine chake cha ujana. Kila akikosa neno, Kirusi kinamjia, anakifukuza kwa mkono kama nzi. Ilipofika zamu yake Bi Kheiria akamshikia simu. Akaanza vizuri. Maneno machache tu, yakapotea. Tukasikia upepo wa kule.

Akaendelea kwa Kiswahili.

"Ostap, mimi babu yako. Ulikuja kunitafuta, na mimi ndiye niliyepaswa kuja. Nilikwambia ukae, ukakataa kumwacha mama yako peke yake. Umefanya vizuri, baba. Mimi sikufanya hivo. Lala."

Lesia aliniandikia baadae kwamba hapana aliyefahamu neno pale, na wote walivua kofia, hata padri alingoja mpaka mzee amalize.

Nilidhani tungetulia baada ya hapo. Wapi! Sasa Ami anataka kwenda. Anataka kulifika kaburi na kukaa na bintiye. Ndege mpaka Moldova, kisha basi. Daktari kamkataza, yeye kamwambia akatibu wengine. Muatasim kagomba, kanuna, mwisho kasema atampeleka yeye. Nami wamenitaka nifuatane nao kwa ajili ya lugha, na kwa ajili ya Lesia. Kila usiku nasema siendi. Mimi nilopanda mlima wa Jabal Akhdhar mara moja nikatetemeka na sweta mbili, nikafanye nini penye baridi na ving'ora?

Jana nilikwenda kwa Bi Kheiria ili aniunge mkono, amzuie mumewe. Nikamkuta chini sakafuni anapanga begi: soksi za sufu, dawa za presha, na pembeni kanga mpya, doti nzima, bado na karatasi yake. Nikamuuliza kanga ya nani.

"Ya Lesia," akasema. "Mpelekeni, Muhsina. Huyu mtu hapa nyumbani hayupo tangu siku ile. Mpelekeni akakae na mwanawe."

Nilikaa nikamsaidia kukunja. Tunaondoka baada ya Idi, Mungu akipenda.

Nisalimie shemegi Jaifar, na Masouda, mwambie nimeipata ile picha ya mtoto. Mwanangu Bashayer anakubusu mikono. Mungu akupe siha, akuzidishie watoto wenye kukuhurumia, na atukutanishe Unguja kwa kheri. Niombee, dada. Safari hii nnaiogopa, na nakwenda.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Muhsina