Nyuzi Tisa za Kina Mama wa Karatina

Zuhura, rafiki yangu,

Nilifika kwenu siku ya tatu nimevaa suti nyeusi, na kila kitu kilikuwa kimeisha. Nilipopigiwa simu nikiwa Timau nilidhani kutakuwa na kamati ya mazishi, mikutano ya jioni, wiki nzima ya kujipanga, kama kwetu. Miaka yote hiyo tumefanya utafiti pamoja, na sikujua kwamba Waislamu huzika mtu wao siku hiyo hiyo. Sikukuzika, Zuhura. Naona aibu hata kuandika.

Mama yako alinipa bahasha iliyokuwa mezani kwako. Sikuwa na ujasiri wa kuifungua mbele yake.

Unakumbuka siku ile kwenye maabara? Kina mama tisa wa soko la Karatina walikuwa wametuletea kila mmoja kiazi kimoja cha mbegu zake, tuvichunguze kama vina ugonjwa wa mnyauko. Kuchunguza magonjwa ya mimea ni kazi yangu. Kukaa na watu na kuwasikiliza ilikuwa yako. Ulifunga kila kiazi kwa uzi wa kiondo, kikapu cha kusuka cha mwenye kiazi, kila mama na rangi yake. Mimi nikachukua mkasi, nikakata nyuzi zote, nikaosha viazi, nikavipa namba. Ulipoingia ukaziona kwenye pipa la taka. "Daktari, hayo ni majina ya watu." Nikakujibu kwamba ni uchafu. Mbele ya wanafunzi.

Hukugombana nami. Ulisema tu kwamba unavijua viazi hivyo kwa macho, tukae mchana mmoja uniambie kipi ni cha nani. Nikasema Jumatatu. Ikapita. Nikasema Jumatatu ijayo, nawe ukacheka, ukasema mimi hata Kiswahili changu huvaa koti jeupe. Jumamosi moyo wako ukasimama. Jumamosi, Zuhura. Siku mbili tu.

Majibu yametoka. Vinane ni vizima, namba nne ina mnyauko. Namba nne ni nani?

Uliwaahidi kina mama kwamba watasikia kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo nilienda Karatina peke yangu. Walikuwa wamekuwekea kreti yako ya kukalia. Mama Njoki, yule uliyekuwa ukimwita shangazi, akaniuliza, "Kwani Zuhura amekataa kukuja?" Nikamwambia. Akajifunika uso kwa leso, na wenzake wakaacha kuuza.

Baadaye akasema, "Na kiazi yangu? Ile ya uzi ya zambarau. Iko na ugonjwa?"

Nikamwambia sijui, uzi niliukata.

"Ati ulikata? Na mimi nishapanda."

Unajua ugonjwa huo hukaa udongoni miaka na miaka, na unalijua shamba lake, lile dogo linaloteremka mtoni. Hana lingine. Wale ambao hawajapanda niliwaomba wangoje. 

Leo nimefungua bahasha. Nyuzi zote tisa zimo. Uliziokota kwenye pipa moja moja, na nje ukaandika: "Majina. Jumatatu, na Daktari."

Leo ni Jumatatu nyingine. Nimekaa hapa mchana kutwa, nyuzi upande mmoja wa meza, viazi upande mwingine, nikijaribu kukumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitazama.

Nisamehe. Kesho asubuhi naenda kwa Mama Njoki, nimfukulie kiazi kimoja shambani. Nitakifunga uzi wake wa zambarau kwa mkono wangu mwenyewe, na safari hii uzi utaingia maabara pamoja na kiazi. Halafu nitawafuata wale wanane, mmoja mmoja, na rangi zao, nichukue kiazi kingine kwa kila mmoja. Nikishajua, nitakuja makaburini nikuambie ni nani, kabla sijaandika popote. Hata kama ni Mama Njoki.

Lala salama, rafiki yangu. Sitakuambia tena Jumatatu.

Daktari wako,
Maina