Kanga ya Mama Tumaini Imeonekana

Newala, Jumamosi

Kumbe sikuifuta! Tangu juzi niliamini nimeipoteza ile kanga ambayo binti yetu Tumaini alimchorea mama yake kwenye mchezo wa kompyuta, ule wa zamani wa kujenga nyumba na kulea familia. Tumaini hana nakala, na kesho anakuja kutoka Ndanda.

Kosa ni langu. Nguo na vyombo vyote tulivyouongezea mchezo nilivipanga kama ukoo: folda ya bibi, ndani yake ya mama, ndani yake ya mtoto, mpaka wajukuu. Nilijisifu sana. Nilipoufungua mchezo, mke wangu wa kwenye skrini akatokea amevaa jinzi.

"Baba Tumaini, kanga yangu umemhonga nani?" akauliza mwenyewe, amesimama nyuma yangu.

Nilicheka, lakini nilidhani nimeifuta wakati wa kupanga.

Leo nimeelewa. Mchezo huu husoma folda za juu na ngazi chache tu zilizo ndani yake. Ukizidi kufukia folda ndani ya folda, haufiki chini. Kanga ilikuwa kwa wajukuu, huko mwisho kabisa. Nikaipandisha juu, nikafungua tena, na...

"Eeh, sasa ndiyo mimi huyo!" Mama Tumaini alipiga kigelegele.

Nilikuwa nimeamua Tumaini asijue lolote. Lakini hapa ninapoandika namsikia mama yake kwenye simu, anamsimulia ile jinzi, na kicheko cha binti yangu kinafika mpaka huku chumbani.