Magogo Yenye Gome

Kirkbuie, Uskoti
12 Oktoba 1975

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko Kent kwa shangazi Morag? Goti linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila baba anakohoa, na theluji imeanza kuonekana vilimani.

Mti wako wa mwelmi nao ni mzima. Matawi yameinama mpaka yamegusa nyasi. Nikijificha humo na kitabu, mama wa duka hupita asinione, nami hufurahi, maana huwa sijui la kumwambia. Majani bado yanakwaruza kama ulimi wa paka. Baba anasema ukirudi nyumbani Julai atakuwekea kiti humo ndani.

Jingine, lori limemletea baba magogo ya mielmi kutoka huko kwenu kusini, Uingereza. Anasema huko wanaikata ovyo na kuiuza kwa bei ya kuni. Ameyapanga ukutani, chini ya mwelmi wako, yakiwa bado na gome, ili yakauke polepole yasipasuke. Anasema ana mbao za kutengenezea viti kwa miaka mitatu.

Mjukuu wako,
Ishbel

Kent
20 Oktoba 1975

Mjukuu wangu Ishbel,

Marahaba. Goti lipo, linanitabiria mvua. Mpe baba yako pole ya kikohozi.

Niliposoma hadi kwenye magogo nikaweka chai chini. Unajua kwa nini huku wanaikata? Inakufa. Barabara yote ya Morag ina mielmi iliyokauka katikati ya kiangazi, imesimama kama mifagio iliyopinduliwa. Chini ya gome hulala mbawakawa wadogo kama punje ya shayiri. Joto likija huruka, wakatafuna mti ulio hai na kuuachia ukungu unaoziba njia zake za maji. Mwambie baba yako Lachlan avue gome lote alichome kabla ya Mei.

Na wewe, Februari, mti ukiwa bado umelala, kata vijiti vyembamba vilivyochipua mwaka huu, uvifunge kwenye gunia lenye unyevu mahali pa baridi. Usihangaike na mbegu, haitakupa mti wa kuinama. Mwelmi huu hubebeshwa, yaani kijiti chake huunganishwa juu ya shina la mwelmi wa porini, kimo cha mtu, upate pa kuangukia. Babu yako aliubebesha wiki tuliyooana. Hakuna mwingine wa mkono wake.

Bibi yako

Kirkbuie
18 Januari 1976

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi haikutesi. Baba kapona.

Nilimsomea barua yako tukila uji. Akacheka. "Mama anaogopa mdudu wa Kiingereza? Hapa atakufa kwa baridi kabla hajabisha hodi."

"Bibi kasema uvue gome, baba."

"Nikilivua sasa yatapasuka yote. Utakalia nini, kitabu?"

Niliondoa mabakuli ya uji. Unajua nilivyo. Lakini jana nilibandua kipande kwa kisu cha siagi. Ndani kuna michoro kama tandu aliyekanyagwa, na mwisho wa kila mguu kuna funza mweupe. Nilimgusa, akajikunja.

Nimfanyeje baba?

Mjukuu wako,
Ishbel

Kent
2 Machi 1976

Ishbel,

Naandika kitandani, Morag amenishikia karatasi. Usiulize goti, sasa ni kifua.

Mpelekee baba yako hicho kipande, kiweke kwenye sahani yake. Asiposikia, mwache. Wewe bebesha, mbali, ng'ambo ya mto. Nataka nikija nikute kitu kinachoning'inia.

Bibi yako

Kirkbuie
27 Juni 1976

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kifua vipi? Tangu Machi sijapata neno lako.

Kipande nilikiweka kwenye sahani. Baba alikitazama, akakisukuma kando akala. Mei joto lilikuja ambalo hakuna aliyewahi kuliona hapa. Siku moja nikakuta gome la magogo limejaa vitundu, kama limepigwa risasi za pini.

Wiki iliyopita tawi moja la mwelmi wako liligeuka njano peke yake katikati ya kijani. Nilikata kijiti chake, ndani kuna duara la madoa ya kahawia, njia za maji zimeziba kama ulivyosema. Baba amechoma magogo yote.

"Bibi yako asijue," aliniambia.

"Alijua tangu Oktoba, baba."

Alikaa kwenye majivu mpaka chakula kikapoa.

Lakini kati ya vijiti nilivyokata Februari na kuvibebesha, kimoja kimeshika. Kipo ng'ambo ya mto, nyuma ya shule, juu ya mwelmi wa porini. Kina majani, na kimeshaanza kuinama.

Mjukuu wako,
Ishbel

Kirkbuie
9 Julai 1976

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu, na shangazi naye haandiki. Baba anatazama barabara ya posta kila asubuhi.

Mwelmi mkubwa umebaki vijiti. Sasa mtu akipita ananiona.

Leo asubuhi nilivuka mto. Jani moja la kile kijiti kichanga lina njano pembeni. Moja tu. Jana sikumwagilia, na jua lilikuwa kali mno. Nina kisu mfukoni, ila sijakata kijiti kutazama ndani.

Niandikie, bibi, hata neno moja. Niambie ni kiu.

Mjukuu wako,
Ishbel