Jumamosi Nne za Sista Wairimu

Jumatatu, 2 Juni
Mawe tena. Kutwa nzima, kutoka chini hadi orofa ya tatu, kwenye mjengo kule Ngoingwa. Bega la kulia limevimba. Baridi ya Thika mwezi huu inaingia hadi kwenye meno. Nimefika nyumbani Gatongora sina hamu hata ya kula.

Mke wangu, Nekesa, alikuwa na habari. Hospitali ya Ruiru anakohudhuria kliniki kuna masomo ya wanaotarajia mtoto. Jumamosi nne, asubuhi nzima, mke na mume. Nne! Nimemwambia moja inatosha. Mama yangu alizaa watoto saba kule Bungoma bila kukalia benchi la mtu.

Amesema mama alizaa tisa. Saba ndio walioishi.

Basi, nitaenda hiyo moja.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeenda. Nimelala. Kiti cha plastiki, chumba chenye joto, mwili uliobeba mawe wiki nzima. Mwalimu ni Sista Wairimu, mkunga wa miaka mingi. Mfupi, sauti kama ya mhubiri wa sokoni. Ameniamsha kwa kunigonga goti.

"Baba, kwani ni wewe una mimba?"

Chumba kizima kimecheka. Hata Nekesa. Wanaume tulikuwa watatu tu, na wale wengine wawili walikuwa wakiangalia viatu vyao. Nimeona aibu, halafu nikakasirika. Sirudi huko.

Jumamosi, 14 Juni
Sikurudi. Nimebeba mchanga.

Nekesa ameenda peke yake na jioni amenifundisha. Amenivisha sweta langu polepole. Shingo ya sweta, anasema, ndiyo mlango wa uzazi. Unafunguka kidogo kidogo. Mama akisukuma kabla haujafunguka, anachanika. Halafu akalivuta kwa nguvu kichwani mwangu ili nielewe. Nyuzi zimekatika. Shingo ya sweta sasa imelegea kama mdomo wa mzee. Tumecheka hadi jirani akagonga ukuta.

Nekesa aliacha shule kabla yangu. Hana kalamu wala karatasi, lakini masomo ya asubuhi nzima yamo kichwani mwake, kwa mpangilio. Nilikuwa nikimtazama tu. Nimeishi na mtu mwenye akili hivi na nilidhani anajua kuuza sukuma wiki tu.

Jumamosi, 21 Juni
Nimerudi. Njoroge, msimamizi wetu, amenipa ruhusa akinung'unika.

Leo ni kupumua. Pumzi ndefu ndani, halafu itoke taratibu uchungu unapopanda. Wengine walichekacheka. Mimi sikucheka, maana kitu hicho nakijua. Siku ya kumwaga slabu, ile sakafu ya zege ya orofa, tunapanga laini ya watu kutoka kwenye mashine hadi juu, karai la zege linapita mkono kwa mkono. Unapokea, unavuta pumzi. Unainua, unaitoa. Anayeharakisha anaangusha laini nzima. Ndiyo maana mmoja huongoza kwa sauti.

Nimemwongozea Nekesa hivyo hivyo. "Haya, pokea. Haya, peleka." Sista alisimama nyuma yetu, akasikiliza. "Endeleeni hivyo," akasema, akaenda kwa wengine. Leo sikuwa na usingizi hata kidogo.

Alhamisi, 26 Juni
Mambo yameharibika. Slabu ni Jumamosi hii. Na Jumamosi hii ndiyo somo la mwisho, la dalili za hatari.

Nimemweleza Njoroge. Amecheka mbele ya watu. "Wafula, wacha mchezo. Mwanamke huzaliwa akijua kuzaa. Asiyekuja slabu, Jumatatu asije."

Nikikosa kazi, tutakula nini? Nekesa amesema niamue mwenyewe. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumamosi, 28 Juni
Nimeenda Ruiru. Slabu iko na watu wengi. Nekesa yuko na mimi tu.

Damu. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Mtoto kuacha kucheza tumboni. Maji ya uzazi kuwa ya kijani. Sista alitukaririsha kama watoto wa nasari, tena na tena, bila kuchoka. "Maji yakiwa ya kijani, hakuna kungoja chai iive. Unatoka!"

Mwanamume mmoja ameuliza kwa nini wasitufundishe yote siku moja, watu wana kazi. Sista hakumkaripia. Amesema kichwa kinaweza kusikia yote kwa siku moja, lakini siku ya uchungu kichwa hukimbia. Hubaki mikono. Na mikono haifundishiki kwa siku moja.

Nampenda mama huyu. Natamani ningefundishwa naye nikiwa mdogo. Labda nisingeacha shule.

Jumatatu, 30 Juni
Njoroge ametimiza neno lake. Kuna kijana mwingine mahali pangu. Nimetembea nusu ya njia kurudi, nikifikiri nitamwambiaje Nekesa. Ameniona tu mlangoni akajua. Ameniwekea ugali. Naogopa.

Jumatano, 2 Julai
Naandika kwenye benchi la hospitali. 

Asubuhi maji yalimwagika. Kijani. Mama Shiro, jirani yetu, alikuja mbio. Ni mtu mwema sana, amezaa watano. "Mtoto wa kwanza ni wa jioni," akasema. "Tulia, Baba. Wacha niweke chai."

Chai! Nilimsikia Sista kana kwamba yuko mlangoni. Nikasema, "Mama Shiro, maji ni ya kijani. Tunatoka sasa hivi." Alinitazama usoni, akaacha sufuria, akakimbia mwenyewe barabarani kutafuta gari.

Njiani Nekesa alitaka kusukuma. Nilipofungua mdomo, yeye mwenyewe alisema, "Sweta. Sweta." Jasho linamtiririka na anakumbuka! Tukaanza. Haya, pokea. Haya, peleka. Dereva naye akawa anapumua nasi.

Wamempeleka thieta, chumba cha upasuaji, moja kwa moja. Daktari amesema mtoto alikuwa amechoka sana. Kama tungengoja hadi jioni, akasema, halafu hakumalizia.

Ni msichana. Nimemsikia akilia. Mama yake ni mzima.

Kama Njoroge asingenifukuza, leo ningekuwa Ngoingwa na karai mkononi. Sitaki kufikiria hilo.

Jumapili, 6 Julai
Tuko nyumbani. Mama Shiro ameleta uji, akaniomba nimtajie zile dalili, zote. Nimemtajia. Alizirudia mwenyewe mara mbili.

Njoroge amepiga simu. Anataka mtu wa kumwagilia slabu maji ili isipasuke. Kazi ndogo, lakini ni kazi. Nitaenda kesho, nikishampa Nekesa maji ya kuoga na chakula chake. Watu hudhani slabu ikishamwagwa kazi imeisha.

Jumamosi nne. Nilisema moja inatosha.

Nekesa amelala. Mtoto amelala ndani ya sweta langu, kichwa kimetokeza kwenye ile shingo iliyolegea. Naona baridi kidogo. Sitalichukua.