Gari Langu Linatetemeka, na Mama Mkwe Hataki Kulipanda Tena

Mpendwa mshauri, mama Verediana, shikamoo. Naomba msaada, na kabla sijaeleza naomba usinitaje jina, maana hapa Ifakara safu yako inasomwa mpaka saluni, na watu wakijua kisa hiki ni changu sijui nitapita njia gani.

Mimi ni mwanaume mwenye mke na watoto, naishi Lipangalala, nina duka la pembejeo na nina kagari kadogo, IST, ambako nimekatunza kama yai. Siku zote nimekuwa mtu wa kuwacheka wenzangu wanaonunua petroli ya chupa njiani, nawaambia gari langu halinywi uchafu, linakunywa mafuta ya sheli tu, na maneno hayo sasa yamenikaa kooni, hayatemeki wala hayamezeki.

Kilichotokea mama ni kwamba masika yalipokuwa yanaisha mama mkwe wangu, anayekaa Namawala na ambaye ana presha, alitakiwa kuja mjini kliniki, tukakubaliana atakaa kwetu mpaka daktari aridhike, kwa hiyo asubuhi mimi na mke wangu Oliva tukaondoka kumfuata, tukapitia kwanza shambani kwetu kuchuma majani ya maboga, na taa ya mafuta ilikuwa imeshawaka. Pale shambani, chini ya dungu tunalokaa wakati wa kuamia ndege wasimalize mpunga, kulikuwa na dumu la petroli iliyobaki tulipomaliza kumwagilia mboga kwa pampu, limenyeshewa masika yote, limezibwa kwa gunzi la muhindi kwa sababu kifuniko kilipotea zamani. Oliva akiwa kule kwenye maboga mimi nikawaza kurudi sheli ni mbali na kuliacha dumu ni hasara, nikakata kipande cha chandarua kikuukuu kilichokuwa kinaning'inia dunguni, nikakiweka kwenye mpira wa kumiminia, nikachuja, wadudu na makapi ya gunzi yakabaki juu, nikajiona mjanja kweli kweli, nikamimina yote tangini na kipande cha chandarua nikakitupa majanini ili mke wangu asione.

Tulifika Namawala gari likiwa limeanza kushtukashtuka, nikasema ni barabara. Mama mkwe akaingia nyuma na kiroba cha mchele mpya aliotukobolea na kuku wa wajukuu aliyefungwa miguu, tukaanza kurudi, na kabla hatujafika mbali gari likakohoa likazima katikati ya njia, na nyuma yetu kuna trekta linapiga honi lipite. Oliva akashuka kusukuma, halikusogea. Ndipo mama akafungua mlango, akavua ndala, akajikaza kitenge kiunoni, akainama akasukuma gari langu, na mimi nimekaa nimeshika usukani. Mama mshauri, katika ukoo wetu mkwe hampi mama mkwe hata mkono, namsalimia kwa mbali nimeinamisha kichwa, sijawahi kumtazama usoni tangu nioe, na siku hiyo uso wake wote niliuona kwenye kioo cha gari, umejaa jasho, unasukuma. Akina mama waliokuwa wanatoka shamba wakasema kwa sauti, "Jamani njooni muone, mkwe anasukumwa!" Nikatamani ardhi ipasuke.

Oliva akaniuliza, "Baba watoto, gari limekuwaje?" na mimi kwa kiherehere cha kujisafisha nikajibu, "Limezidiwa uzito."

Nilisema hivyo tu. Mama akasema, "Ni mimi huyo. Mimi na mchele wangu. Unisamehe, baba." Akateremsha kiroba, akateremsha kuku, akasimamisha pikipiki akarudi kwake Namawala, na gari likavutwa mpaka mjini na lile lile trekta lililokuwa linatupigia honi.

Tangu hapo hataki kupanda. Kliniki ameikosa, na dawa za presha zimemwishia. Oliva akimpigia simu anajibu, "Mwambieni mkwe wangu asihangaike, mimi mzito nitaharibu gari la watu." Juzi shemeji yangu Agnella, anayekaa naye, amesema mama siku hizi hali chakula cha jioni, anasema anajipunguza kwanza, akipungua ndiyo atakuja.

Gari nimelipeleka kwa fundi Beatus, mtu makini, ila likiwaka likiwa limesimama linatetemeka kama mgonjwa wa homa na ukikanyaga mafuta linasita. Beatus aliniuliza mbele ya Oliva, "Mafuta ya mwisho uliweka wapi, bosi?" Nikasema sheli. Akasema basi kama mafuta ni safi, zitakuwa nozeli, vile vimirija vinavyopulizia petroli ndani ya injini, zimeziba kwa uchafu wa miaka, zifunguliwe zipelekwe Morogoro zikasafishwe kwa mashine. Jirani yangu Evod anasema nisihangaike na Morogoro, nimimine chupa ya dawa ya kusafishia kwenye tangi na mambo yataisha. Sasa sijui nimsikilize nani.

Naomba unishauri, mama, je, gari langu linahitaji kweli kusafishwa nozeli na wataalamu? Na zikishasafishwa, itakuwa vibaya nikimtumia mama mkwe ujumbe kupitia mshenga wetu, mzee Dionisi, kwamba gari lilikuwa linaumwa nozeli na sasa limepona, bila kutaja habari za dumu? Naona aibu mama, duka langu liko barabarani na kila anayepita naona kama anajua.

Ni mimi mkwe mwenye aibu, Lipangalala.

MAMA VEREDIANA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Aibu yako nimeiona na nakupa pole, kwa sababu mtu asiyeona aibu nisingejisumbua kumjibu. Lakini barua yako niliisoma nikicheka mpaka nilipofika pale mama anapoacha chakula cha jioni. Hapo nikaiweka chini, nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapokuandikia, kwa hiyo vumilia.

Nianze na gari kwa kuwa ndilo ulilolitanguliza. Mimi nimeendesha magari makuukuu tangu ujana wangu na nozeli nimeshazisafisha, tena kwa mashine. Nozeli zinazoziba kwa uchafu wa miaka huziba polepole. Gari linaanza kunywa mafuta kuliko kawaida, asubuhi linawaka kwa kubembelezwa, linapungua nguvu mlimani, linatetemeka kidogo, mwezi ujao zaidi kidogo. La kwako liliamka zima na kabla ya jua la mchana lilikuwa hoi. Mtu akiumwa tumbo ghafla, kwanza huulizwa amekula nini. Beatus alikuuliza swali hilo hilo, ukamdanganya, sasa fundi wa watu anataka kufungua injini kwa kufuata uongo wako.

Na hicho chandarua, baba! Chandarua kinazuia mbu, hakizuii maji. Dumu limenyeshewa masika yote na mdomoni lina gunzi, unadhani humo ndani kulibaki petroli tupu? Umelinywesha gari lako maji ya masika, tena baada ya kuwacheka wenye chupa zao kwa miaka. Nyani haoni kundule.

Sasa sikiliza. Usiliwashe tena hilo gari, hata kwa kujaribu, maana kila ukiliwasha unavuta maji mengine. Nenda kwa Beatus ukamwambie: dumu, gunzi, chandarua, yote. Atacheka, mwache acheke. Mwambie amwage mafuta yote yaliyomo tangini na kusafisha tangi, atazame pampu iliyo chini ya kiti cha nyuma, abadilishe filta ya mafuta, afungue plagi azikague, kisha aweke petroli mpya ya sheli. Kama ana mashine ya kusoma makosa ya injini, aisome. Gari likitulia, nozeli zako hazina kosa, ziache zilipo. Likiendelea kutetemeka na plagi ni nzima, basi huenda maji na kutu vimeshafika kwenye nozeli, na hapo Beatus atakuwa amesema kweli, zipelekwe Morogoro. Lakini zipimwe kwanza kwenye mashine uone kila moja inapuliza vipi, zisafishwe, zipimwe tena. Yeyote anayetaka kuzichokonoa kwa sindano, mnyang'anye. Na Evod mwambie asante, chupa yake inasaidia uchafu mdogo, haitoi maji tangini.

Nozeli zimeisha. Nakuja kwako.

Umeongopa mara mbili tu, na waliokuamini wote wawili wanahangaika. Mmoja anataka kufungua injini isiyohitaji kufunguliwa. Mwingine ni mama wa watu, mwenye presha, amekosa dawa na ameacha kula, anajipunguza ili atoshe kwenye gari lako! Aliposukuma hukushuka, na usukani unashikika hata ukiwa nje, unapitisha mkono dirishani huku unasukuma kwa bega, kila dereva anajua. Basi, lile ningekusamehe, aibu ilikugandisha pale kitini. Ila alipokuomba msamaha, yeye kwako, ukaupokea ukanyamaza, ukamwacha apande pikipiki na kuku wake. Hilo sikusamehe mimi, wala si langu kusamehe.

Unauliza kama ni vibaya kutuma ujumbe wa nozeli. Ni vibaya. Mama akiambiwa gari lilikuwa linaumwa, atajiambia basi mimi ndiye niliyeliumiza, na ataendelea kulala na njaa. Unataka fundi wa Morogoro akusafishie nozeli halafu akuombee na radhi. Hakuna mashine ya hivyo.

Wala usimtume mzee Dionisi. Mshenga alibeba posa yako, uongo umeubeba mwenyewe, utautua mwenyewe. Najua heshima ya ukweni na siidharau, mimi mwenyewe nina wakwe. Heshima hiyo inakukataza kumtazama mama usoni, haikukatazi kumwambia ukweli. Kaa nje kwenye kigoda, inamisha kichwa chako kama siku zote, Agnella akae katikati yenu kama ndiyo desturi, halafu sema kwa sauti ambayo mama ataisikia mwenyewe: "Mama, hukuwa mzito. Nilitia maji kwenye gari na nikakusingizia wewe." Usiongeze neno la kujitetea. Akitaka kunyamaza, mwache anyamaze.

Kabla ya hapo, leo hii, kabla hujafunga duka, mwambie Oliva. Atakununia, na ana haki, ni mama yake. Kesho asubuhi nendeni wote wawili Namawala kwa gari lolote la kukodi lenye viti vizuri, usingoje lako lipone, maana presha haingoji filta. Mkishasema mliyokwenda kusema, mwombe mama ale mkiwa hapo hapo, kisha mmlete kliniki, na daktari aambiwe kwamba dawa zimekatika na kwamba alikuwa hali chakula cha jioni. Asiondoke kwako mpaka daktari aseme.

Unasema kila anayepita dukani unaona kama anajua. Hajui, mwanangu, ana shida zake. Anayedhani anajua ni mmoja tu, yuko Namawala, na anachokijua ni uongo wako.

Gari likipona, mpeleke mama kwake kwa gari hilo hilo. Akae kiti cha mbele kama desturi yenu inaruhusu, la sivyo nyuma, lakini kiroba cha mchele kiwe ndani, na kuku awe ndani, na mpite palepale lilipozima, polepole, aone mwenyewe kwamba linambeba. Na likizima tena, wewe ndiye utakayeshuka kusukuma. Mama akae.