Mkono Niliokuinulia Pasiansi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana nikiketi nainuka, na nikiinuka sijui niende wapi. Ijumaa hii mjomba anataka usomewe hitima kama marehemu. Tangu tupate Uhuru hujaandika hata mstari mmoja, na wazee wamechoka kuulizwa habari zako. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Ameanza tu kuchagua mchele.

Mimi nimeishusha ndege yetu ya kuchezea kutoka juu ya kabati, nimeipangusa vumbi.

Unakumbuka ulivyoileta vipande vipande kutoka kwenye ile karakana ya redio ulikofanya kazi? Hukuwa umewahi kurusha hata kishada, lakini ulijitia rubani. Tukaketi barazani, wewe na mchoro wako, mimi na vidole vyangu vya kusuka nywele, maana vyako havikuingia kwenye tumbo la ndege. Nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, uliniambia nizipeleke kwenye betri, mbili nyingine kwenye usukani wa mkia, na ule mrefu wa eriali tukautoa nje. Huo ulinikataza kabisa kuukata au kuukunja. Kipokezi chenyewe, kile cha kunasa mawimbi, tulikizungushia sufi tuliyoichomoa kwenye mto wa mama, ili taa zake za kioo zisivunjike. Mama alilalamika shingo siku nyingi, na sisi tukampa pole.

Kabla ya kuirusha ulitaka tujue kama kipokezi kinakusikia kutoka mbali. Basi kule Pasiansi, kando ya ziwa, nikaishika ndege, wewe ukaenda zako na kisanduku chako cha kutuma mawimbi. Kila ulipobonyeza, usukani uligeuka, nami nikainua mkono upate kujua. Ukazidi kwenda mpaka ukabaki mdogo kama kidole. Wachuuzi wa samaki walicheka, wakaulizana huyu binti anampungia nani.

Kisha usukani ukanyamaza. Ulirudi ukikimbia, nami nikakwambia kipokezi kimekufa. Ulinikasirikia kweli.

"Usizike kitu kabla hujaufuata waya wote," ulisema.

Tukazifuata nyaya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Ule mwekundu ulikuwa umekatika karibu na betri, ndani ya ganda lake, kwa nje mzima kabisa. Tulipouunga, usukani uligeuka, nawe ukaninyanyua juu mbele ya wachuuzi wote.

Hatukuwahi kuirusha. Nafasi yako ya masomo Ulaya ilitangulia. Uliondoka na kisanduku, ndege ukaniachia mimi, ili asiwepo wa kuirusha peke yake. Garimoshi lilipoanza kwenda niliinua mkono, na wewe dirishani ukabonyeza hewa kwa kidole gumba. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Kaka, waya nimeufuata. Chuoni kwako wamenijibu kwamba uliondoka, hawajui ulikokwenda. Nimemwandikia na yule mwenzako wa Bukoba mliyesafiri pamoja, bado hajajibu. Nilimwomba mjomba angoje jibu hilo tu.

"Mwanangu," akaniambia, "hata aliye hai dua haimdhuru."

Nina hasira naye, nina hasira nawe, na ninaogopa. Usiku huu nimekwenda mlangoni mara ngapi sijui, kila mbwa akibweka.

Ijumaa nitapika pilau kama wanawake wengine. Lakini watakapoanza kusoma, usinitafute uani. Nitakuwa Pasiansi, ndege mkononi, betri mpya ndani yake, eriali imenyooka. Najua hakuna kisanduku cha kufikisha mawimbi hapa kutoka huko uliko. Wewe bonyeza hivyo hivyo. Usukani ugeuke usigeuke, mkono nitainua.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye bado nimeshika ndege.