Kopo la Robi

Jumatatu, 3 Juni
Uji wa ulezi tena. Nusu bakuli. Jirani yangu Bhoke alininywesha kwa kijiko, akanifuta kidevu. Mkono hauwezi kikombe. Kalamu naishika kwa shida. Maisha yangu yote nimefundisha watoto kusema kweli. Yangu sijaisema.

Jumanne, 4 Juni
Naandika, nisije nikaondoka duniani na siri hii.
Nilipokuwa mtoto, shuleni kwetu kila mmoja alileta ukuni mmoja na kopo la mahindi. Yote yalimwagwa kwenye sufuria moja. Kande ya wote; maharage shule ilitia ilipoyapata. Asiye na mahindi alirudishwa. Ilikuwa miaka ya kukimbilia dhahabu, wazazi wako machimboni, mashamba yamejaa majani. Asubuhi hiyo nilipita kwa mama aliyewauzia wachimbaji miwa. Nikampa mahindi yangu, akanipa kipande. Makopo yalifanana, yamepangwa ukutani. Langu tupu nikaliweka mahali pa kopo la Robi, lake nikalifanya langu. Robi, rafiki yangu. Dada mkubwa wa Bhoke.

Alhamisi, 6 Juni
Jana sikuweza.
Robi aliambiwa akalete mahindi. Alichungulia kopo mara mbili. Hakubisha. Akaenda machimboni kumtafuta mama yao, aliyekuwa akiponda mawe, Bhoke akiwa kichanga mgongoni. Ukingo wa shimo ulimeguka na Robi. Habari ya kifo chake ilitufikia tukiwa tunakula.
Nilimaliza sahani yangu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia Bhoke. Muwa, kopo, sahani, yote. Alirudisha kijiko bakulini. Kisha akauliza, "Siku hiyo kande ilikuwa na maharage, mwalimu?"
Nikasema ilikuwa nayo.
"Mama alisema Robi alipenda sana maharage."
Akaweka bakuli mezani, akaondoka. Meza iko hatua tatu kutoka kitandani. Sikuifikia.

Jumamosi, 8 Juni
Hakuja. Uji wa jana uko palepale, umeganda juu. Nauangalia tu. Nimeita, sauti haifiki hata mlangoni. Nastahili. Naogopa pia.

Jumapili, 9 Juni
Bhoke amekuja akitoka kanisani. "Shikamoo, mwalimu," kama kawaida. Nikaitika. Ameleta kande, ameichemsha mpaka imelainika, maana sina meno. Maharage mengi kuliko mahindi. Alinilisha kijiko kwa kijiko. Nilipogeuza uso akasema taratibu, "Bado kidogo."
Nikala mpaka sahani ikaisha.